Mkilua Kando ya Birika

Wifi yangu Mwanakheir alikuwa mbishi wa jambo moja tu: mahali pa kuweka vitu. Ukiweka mtungi hapa, atauhamishia pale. Ukitandika mkeka penye mlango, atakwambia unauzibia mti upepo. Nimekaa naye miaka thelathini na moja katika nyumba moja pale Kiponda, na sikumbuki siku niliyoukuta mkeka wangu pale nilipouacha jana yake. Alikuwa mke wa marehemu kaka yangu, na nyumba ilikuwa ya baba yetu, kwa hiyo mwenye haki ya kusema kitu gani kikae wapi nilikuwa mimi, Wanu. Nilisema sana. Yeye aliitikia "sawa, wifi yangu," kisha akanyanyua chungu chake na kukiweka alipotaka.

Vyungu vyenyewe, vya kupandia maua, vilikuwa thelathini na kitu, pamoja na madebe ya samli yaliyotobolewa chini na pipa moja lililokatwa nusu. Vyote vilikuwa ndani ya nyumba. Anayeujua Mji Mkongwe anajua kwamba nyumba zetu za mawe zimebanana hata jua tunagawana, na anayejisifia bustani huku mjini anatania. Mwanakheir hakuwa na bustani. Alikuwa na ukumbi wenye madirisha mawili ya mashariki, kiwanja kidogo cha ndani kilicho wazi juu, sakafu ya juu kabisa isiyo na paa, na chini kabisa, kando ya kisima, chumba chenye birika la kuogea ambako hata kaskazi ikipamba moto ukuta ulikuwa unatoka majimaji. Sisi wengine tuliona nyumba moja. Yeye alisema mna nchi nne mle ndani, na kila moja ina watu wake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vikuba. Bibi harusi wa kwetu hatoki bila kikuba kifuani, kile kishada cha maua yanayonukia kinachofungwa kwa uzi na kubanwa kwenye nguo, na mabibi harusi wengi wa Kiponda, Malindi na Mkunazini walitoka na kikuba cha mikono ya Mwanakheir. Maua yake yalikuwa manne: asumini, waridi, rehani na kilua. Wengine huongeza mkadi, lakini mkadi ni mti wa nje, hauingii chumbani, naye hakuuhesabu.

Watu walimwuliza anafanyaje hata miti yake ichanue ndani ya nyumba, naye hakuwaficha. "Usiuulize mti unataka nini," alikuwa akisema. "Uliza mamaake kasimama wapi." Asumini yake ya kwanza ilikatwa Makunduchi, kwenye mawe, ambako mvua ikinyesha inapita tu na kwenda zake. Hiyo aliiweka sakafu ya juu, juani kutwa, ndani ya debe la mchanga na vigae. Aliinyima maji mpaka majani yakalegea, nayo ikazaa maua mpaka aibu. Ya pili, ile yenye maua mazito yaliyojikunja, asili yake ilikuwa Bara Hindi, na tangu hapo ilikuwa imelelewa kwenye baraza za watu, chungu kwa chungu. Jua la mchana likiigusa inasinyaa. Hiyo ilikaa ukumbini, dirisha la mashariki, na ilinywa maji asubuhi na alasiri.

Mimi niliona asumini mbili. Siku moja yeye yuko sokoni Darajani, ile ya juu ikanitia huruma kwa kiu yake, nikazibadilisha. Ya ukumbini iliungua ndani ya siku tatu. Ya juu, niliyoileta kivulini nikaimwagilia kwa mapenzi yangu yote, ilinenepa, ikarefuka, ikajaa majani, na haikutoa ua hata moja msimu mzima. Nilijiandaa kugombezwa. Mwanakheir aliitazama tu akasema, "Wifi, umeipa raha isiyoijua," akaikata matawi yote na kuirudisha juani.

Waridi lilitaka jua la asubuhi na mizizi mikavu, likapewa pembe ya kiwanja cha ndani. Rehani ilikubali popote, na kwa sababu hiyo hakuiheshimu sana. Mti uliomsumbua ni mkilua.

Mkilua ni mti wa vichaka vya bondeni, wa kivuli na udongo unaolowa. Ua lake halina sura, ni la manjano iliyofifia, nene, unaweza kulipita usilione. Lakini likifunguka moja, nyumba nzima inajua. Mche wake aliutoa kwa mama yake mzazi, Donge. Mara ya kwanza aliuweka ukumbini, ukafa. Mara ya pili akauweka kiwanjani karibu na waridi, ukafa. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe Donge, akakaa siku mbili anatazama pale mama mti uliposimama, jua linampata saa ngapi na maji yanatuama wapi, akarudi na mche mwingine na kikapu cha udongo wa pale pale. Mche ule akaupanda katika lile pipa lililokatwa na kuuweka kando ya birika, katika giza nusu, chini ya kijidirisha cha juu. Ukashika. Ulikaa miaka sita bila kutoa kitu, na sisi tuliokuwa tukioga humo tulizoea kukwaruzwa na matawi yake.

Taabu yote ile ilikuwa kwa ajili ya Shemsa, binti yake wa pekee, mtoto wa kaka yangu. Siku ya arubaini ya Shemsa, Mwanakheir aliapa mbele yetu kwamba mwanawe atatoka na kikuba ambacho hakuna ua hata moja lililopita mikononi mwa mtu mwingine. Kwao wanaamini ua la bibi harusi likinunuliwa linakuja na jicho la aliyeliuza. Mimi nilijitia siamini, lakini kwenye harusi yangu mwenyewe sikununua, na ndoa ile ilivunjika vilevile.

Shemsa alikua mshoni, mpole, na cherehani yake alikuwa ameiweka dirishani juu ya njia. Masoud alikuwa karani wa bandarini, mrefu, mwepesi wa kucheka, na njia yake ya kwenda kazini ghafla ikawa inapita chini ya dirisha letu ingawa yeye alikaa Vuga. Kila asubuhi aliniamkia mimi kwa sauti ya kuadhini. "Shikamoo, shangazi!" Nami namjibu, "Marahaba, baba, mie si kiziwi, na aliyekusudiwa kakusikia." Juu cherehani inanyamaza kidogo, kisha inaanza tena mbio. Sijawahi kuona watu wawili waliofurahiana namna ile na huku mmoja yuko juu na mwingine yuko chini.

Mwaka 1963 akaposa, na harusi ikawekwa Rajabu, mwezi wa Novemba. Mwanakheir akahesabu siku kurudi nyuma, kila mti kwa tabia yake. Waridi lilikatwa wiki saba kabla. Asumini ya Makunduchi ilipukutishwa majani, ikanyimwa maji mpaka tukadhani imekufa, kisha ikanyweshwa, ikafura vichwa vyeupe vya maua. Na kama kwamba nao umepata habari, mkilua ukatoa vichwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kumi na tatu. Mwanakheir aliniita nikavione, akanishika mkono, tukavihesabu pamoja mara mbili.

Lakini vuli ilichelewa mwaka ule. Asumini na waridi vilifuata hesabu, na vilua vikabaki vimefumba, vya kijani, vigumu kama mbaazi. Mwanakheir alimwaga maji, akafunika ukuta magunia mabichi, haikusaidia. "Mti unaijua mvua hata kama hauioni," akasema. Siku tisa kabla ya harusi alitukusanya akasema anaomba tuahirishe. Shaabani isingefaa kwa sababu baba yake Masoud angekuwa Pemba kwenye karafuu, na Ramadhani haolewi mtu. Basi iwe Mfungo Mosi, baada ya Idi. Miezi mitatu.

Shemsa alikuwa anapinda upindo wa foronya. Hakuinua macho. "Kama mama kaona hivyo," akasema.

Masoud alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, na siku ile hakucheka. "Shangazi," akaniambia, "zungumza naye. Ua ni ua tu. Mie ntamwoa hata akivaa jani la mpapai."

Na mimi, badala ya kuzungumza na wifi yangu, nilimcheka yule kijana. Nilimwambia wanaume hawajui mambo haya, kwamba harusi ni ya siku moja na maneno ya watu ni ya miaka. Nilisema hivyo kwa sababu msimu uliopita jirani yetu mmoja alimtoa mwanawe na vilua vya kununua, tukamsema sana, na mimi ndiye niliyemsema kuliko wote. Sikutaka kusemwa. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine.

Vilua vilifunguka Shaabani, wiki ya kwanza ya Januari, vyote kumi na vitatu. Harufu ilipanda ngazi mpaka sakafu ya juu. Mwanakheir alikuwa anaimba jikoni. Alisema mti ukishajua njia hausahau, na baada ya Idi utazaa mara mbili.

Halafu yakaja ya Januari ile ya 1964. Sitayaeleza, kila nyumba ya mji huu ina yake, na yetu ni hii. Baba yake Masoud alitoka Pemba, akawakusanya watu wake na kuondoka nao kwa chombo kwenda Mombasa, na Masoud ndiye mwanawe mkubwa. Hakupata nafasi ya kuaga. Siku mbili baadaye tuliletewa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: "Mwambieni Shemsa anisubiri. Mfungo Mosi nitakuwepo." Shemsa alikikunja kidogo kidogo mpaka kikawa kama punje, akakitia ndani ya kasha la sindano.

Mfungo Mosi ulifika. Mwanakheir alikuwa ameitayarisha miti yote minne. Ilichanua pamoja, siku tatu mfululizo, uzuri ambao sijauona tena, na hakuna mtu aliyebisha mlango. Siku ya nne alizifagia asumini zilizodondoka.

Barua zilikuja, kwanza kutoka Mombasa, kisha kutoka Dubai. Kutoka kisiwani wakati ule kulikuwa na ruhusa zake na kungoja kwake, na yeye kurudi ndiyo kabisa. Aliandika subiri nipate kazi, subiri nipate chumba, subiri mama apone. Barua zikawa fupi. Mwaka 1967 ikaja moja ndefu, na ile ndefu ndiyo iliyosema kwamba ameoa. Shemsa aliisoma amesimama kwenye ngazi. Alinipa mimi nisome, akasema, "Shangazi, mwambie mama wewe. Mie nna suruali ya watu naimalizia."

Nilimkuta Mwanakheir kando ya birika, anapangusa majani ya mkilua kwa kitambaa. Nikamwambia. Aliendelea kupangusa jani lile lile muda mrefu.

"Darajani vilua vilikuwepo, wifi," akasema. "Rajabu ile. Nilipita nikaviona kwenye kapu la mtu, vimefunguka vizuri. Ningevinunua."

Tangu siku ile nilijua anataka nini, na kitu kile ndicho kilichomtafuna. Alitaka Shemsa aseme. Aseme, mama, kosa ni lako. Au aseme, mama, nimekusamehe. Lolote kati ya hayo lingemtua mzigo. Shemsa hakusema hili wala lile. Alimwamkia mama yake kila asubuhi, alimpakulia chakula kwanza, alimshonea nguo za Idi, na kuhusu Rajabu hakufungua mdomo. Nimeona watoto wanaowatukana mama zao, na nakwambia mama zao walilala vizuri kuliko Mwanakheir.

Wakati wa mkilua ulipofika, kila mwaka, Shemsa alifunga mlango wa chumba chake na kuziba uwazi wa chini kwa kanga. Hata kuoga alikwenda kuogea kwa jirani. Mwaka mmoja Mwanakheir alishuka na mkasi avikate vichwa kabla havijafunguka, ili harufu isipande. Shemsa alimkuta kwenye ngazi.

"Usivikate, mama," akasema. "Havina kosa."

Mwanakheir alisimama na mkasi wake anangoja neno linalofuata. Nilikuwa nyuma yao na kapu la dengu nachambua, nami nilingoja. Shemsa alipita, akaenda zake dirishani, cherehani ikaanza.

Miaka ile mengi yalikuwa adimu, na harusi zilifanywa kwa kimya. Mwanakheir aliendelea na vikuba vyake, vidogo, kwa anayetaka. Asumini aliwapa watu, waridi aliwapa, rehani aliigawa bure. Kilua hakumpa mtu. Na kila mwaka, ukikaribia Mfungo Mosi, alikata waridi kwa wiki zake na kuitia kiu asumini ya juu, ili miti yote minne ichanue pamoja. Nilimwambia mara moja, "Wifi, unamtayarishia nani?" Akanijibu kwamba miti ikikosa mpango inaharibika. Tulikuwa tunadanganyana watu wazima wawili.

Mwaka 1971 alikuja Silima. Alikuwa mwanamume wa Bumbwini aliyefiwa na mke, mtu wa makamo, mkulima wa muhogo na minazi kidogo, aliyeleta kitambaa cha sare za skuli za wanawe wawili. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akangoja, hakusema neno zaidi ya vipimo. Alirudi kuchukua sare. Akarudi tena na suruali ya kutia kiraka ambayo, kwa macho yangu, haikuwa imechanika sana. Mara ya nne alikuja na mjomba wake kuposa. Shemsa alikuwa na miaka ishirini na saba. Wali wake, msimamizi wa ndoa, alipomwuliza alisema ndiyo, na siku aliipanga mwenyewe: Alkhamisi ya wiki ijayo.

Mwanakheir alipanda mbio mpaka sakafu ya juu, akashuka mpaka birikani, akapanda tena. Haukuwa msimu. Asumini ilikuwa imekatwa mwezi ule ule, imebaki vijiti. Waridi lilikuwa na majani matupu. Mkilua ulikuwa na vichwa, vya kijani, vimefumba. Alituita chumbani kwa Shemsa, na kabla hajasema nilijua atasema nini. Nilitaka kumziba mdomo kwa mkono wangu.

"Wiki tatu tu, mwanangu," akasema. "Vichwa vishatoka. Wiki tatu vitafunguka, na ya juu nkiinywesha leo itawahi. Mwambie Silima wiki tatu. Yeye si mtu wa haraka."

Shemsa aliweka mkasi chini. "Mara ya kwanza uliomba miezi mitatu, mama."

Hakupandisha sauti. Lilikuwa neno la kwanza katika miaka saba, na alilisema kama mtu anayetaja kipimo cha shati. Mwanakheir alitoka, akashika ukuta kwenye ngazi, akashuka, na nilisikia mlango wa chumba cha birika unafungwa.

Alkhamisi Shemsa aliolewa. Alitoka na kijiti kimoja cha rehani nilichombania mimi, maana ndicho kilichokuwepo, na rehani inakubali popote. Mwanakheir alifanya kila kinachofanywa na mama wa bibi harusi. Wageni walikula, wakasifu pilau, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kikuba kiko wapi. Maneno ya watu niliyoyaogopa miaka ile hayakusemwa kabisa.

Wiki tatu baadaye, kwa siku yake, vilua vikafunguka. Mwanakheir alikuja chumbani kwangu amekwisha vaa buibui, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba. Alikuwa ametengeneza kikuba kamili, cha maua manne. Asumini ya juu ilikuwa imewahi kweli, waridi lilikuwa moja tu, bado halijakomaa vizuri. Akaniomba nimsindikize. Tukapanda gari la Bumbwini, kifurushi kiko mapajani pake, na njia nzima alikuwa anakinyunyizia maji kwa ncha za vidole.

Tulimkuta Shemsa amekalia mbuzi, anakuna nazi, na wale watoto wawili wanacheza nyuma ya nyumba. "Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi." Alituandalia mkeka, akatuletea maji. Mwanakheir hakuweza kujizuia, macho yake yalikuwa yanazunguka: dirisha liko wapi, jua linaingilia wapi.

"Mnalala chumba kile?" akauliza. "Kinapigwa na jua la alasiri kile. Utaungua."

"Ntazoea, mama."

"Wewe umelelewa kivulini, mwanangu."

"Ntazoea," akasema Shemsa.

Hapo Mwanakheir akafungua jani la mgomba. Harufu ikatoka. Miaka saba Shemsa alikuwa akiizibia mlango, na sasa ilikuwa imemfuata mpaka Bumbwini. Shemsa aliutazama mkono wa mama yake, na kile kilichomo mkononi.

"Nisamehe, Shemsa," akasema Mwanakheir.

"Nshakusamehe zamani, mama. Tangu ile barua ilipokuja nshakusamehe." Alinyoosha mkono akakichukua kikuba. "Lakini sikivai."

Alinawa mikono yenye tui, akaifuta kwa kanga, akapiga magoti mbele ya mama yake na kukibana kikuba kile juu ya buibui, upande wa moyo. Alikibana vizuri, akaunyoosha uzi, kama alivyotuona tukiwabania wenzake wote.

"Vaa wewe," akasema. "Umekingoja kuliko mimi."

Ningependa angelisema kwa hasira. Hasira Mwanakheir angeipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa neno la upole, na la kweli. Tulikunywa chai. Tulipoaga Shemsa alitusindikiza mpaka barabarani na kubusu mkono wa mama yake.

Mwanakheir hakukivua. Alirudi mjini ndani ya gari lililojaa watu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, amebandika kikuba cha bibi harusi juu ya buibui jeusi. Watu walitazama. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akageuka kwa bashasha kumwuliza harusi ya nani.

"Ya mwanangu," akasema Mwanakheir.

Asubuhi ya pili yake nilisikia kishindo birikani. Aliung'oa mkilua katika pipa, akautia ndani ya debe na udongo wake, na kuupandisha mwenyewe ngazi zote, anapumzika kila ghorofa. Nilimfuata. Aliuweka sakafu ya juu, katikati ya jua, karibu na asumini ya Makunduchi.

"Wifi," nikamwambia, "huku utakufa."

"Najua," akasema.

Nani angejua kuliko yeye? Kila siku alipanda na kopo lake, akaimwagilia mingine yote kwa zamu yake, na ule akaupita. Adhuhuri moja nilipanda na kata ya maji nimeificha ndani ya kanga. Alikuwa amekaa pale kivulini mwa ukuta kama aliyejua nitakuja. Alishika mkono wangu tu mpaka nikaimwaga kata sakafuni. Ulichukua siku kumi na moja kukauka.

Alifariki mwaka 1973, kwa homa ya siku chache. Miti mingine nilijaribu kuitunza, nikaikosea mahali kama kawaida yangu. Lile debe hakuna aliyeliondoa. Shemsa alikuja matangani na mwanawe mchanga mgongoni, akakaa mpaka hitima. Siku ya kuondoka alipanda sakafu ya juu kuanua nguo za mtoto, nami nikapanda nyuma yake.

Alisimama mbele ya kile kijiti kikavu. "Shangazi, huu si mkilua? Nani kauweka juani?"

Nililitazama kopo la mama yake lililobaki pale ukutani. Akaelewa. Alinipa mtoto. Aliinama akalibeba debe lile, akashuka nalo ngazi zote mpaka chini, akaliweka kando ya birika pale pale lilipokuwa pipa, chini ya kijidirisha. Akachota maji kwa kata. Hapo ndipo nilipomwona Shemsa analia, mara ya kwanza tangu ile Januari, analia kwa sauti na huku anamwagilia. Udongo ulikuwa umekauka mno. Maji yalipita moja kwa moja, yakatokea chini ya debe.